Kifaranga Asiye na Uzi Mguuni

Kwa Dzombo seremala,
Msambweni, Kwale.
28 Juni, 1964.

Mpendwa kaka yangu Mbwana,

Shikamoo kaka. Nakuamkia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, na nataraji barua hii itakukuta u mzima wa afya huko Tabora, wewe na wifi yangu Mwanasha na watoto. Mgongo wako je? Umepata yale mafuta ya nazi niliyompa kijana mwenzenu wa reli akuletee? Kama aliyauza njiani niambie, kwao napajua.

Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Masika yalikuwa mazuri, mihogo imenenepa, na mpunga bondeni umetoa. Mwanangu Saumu huko Mkwiro kisiwani hajambo, na mwanawe ameota meno mawili. Yameanza ya chini, kama inavyotakiwa, kwa hiyo bibi zake wa huko wamepumua.

Utashangaa mwandiko. Barua ile ya Aprili aliniandikia Mwero, fundi cherehani, na maneno mengine yalikuwa yake, kwa mfano lile la "nyumba hii ni kaburi langu nikiwa hai." Mimi nilisema tu kwamba paa linavuja. Hii ya leo naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile marehemu baba alizotufundisha kwa mkaa juu ya ubao, na wewe ukinicheka kwa sababu "s" yangu ilikuwa ikitazama nyuma. Bado inatazama nyuma. Mstari ukipanda mlima, panda nao.

Kaka, barua yako nimeipata. Umesema Maulidi yakiisha utachukua likizo, uje na lori mpaka mlangoni, uniondoe mimi na sanduku langu, na Dzombo utazungumza naye kiume mpaka anipe talaka yangu. Umesema wifi amewahamisha watoto ili nipate chumba. Niliisoma mara tatu nikalia mara tatu. Hakuna mwanamke Msambweni mwenye kaka kama wewe. Nami nina neno la kukujibu, lakini siwezi kulisema mpaka nikueleze habari za kifaranga mmoja. Usicheke. Au cheka, kisha uendelee kusoma.

Unajua nilivyokuwa. Tangu Dzombo amwoe Kanze, miaka miwili sasa, tumeishi uwanja mmoja, nyumba mbili zikitazamana, na maneno yetu ya siku nzima ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shikamoo yake, marahaba yangu, ndoo iko wapi, iko pale, basi. Kwa haki ya Mungu, mtoto wa watu hakunikosea. Aliyenikosea ni Dzombo, aliyenificha posa hiyo mpaka nikaipata kisimani kwa wanawake wenzangu, ndoo ikiwa kichwani. Lakini Dzombo yuko Ramisi kiwandani wiki nzima, huja Alhamisi jioni, na hasira yangu haikuwa na subira ya kungoja Alhamisi. Aliyekuwa karibu ndiye aliyeipata.

Kilichonipeleka kwa Mwero ni makuti. Mwezi wa Machi Dzombo alileta makuti ya kuezeka nyumba zote mbili, akaanza ya Kanze. Ya mke mdogo, kaka! Yangu akasema ataimaliza wiki ijayo. Wiki ijayo masika yakamtangulia. Mvua ya kwanza ilinishukia kitandani, nikakihamisha kitanda mara nne, na ng'ambo ya uwanja nikawa naiona nyumba ya mwenzangu imekaa kavu, moshi wa chai unatoka. Nilikwenda kwa Mwero na leso iliyolowa.

Sasa kuku. Ramadhani ilipokwisha nilikuwa na mayai sita na sina wa kuyalalia, maana kuku wangu wote wawili walikufa kwa ugonjwa wa kideri. Kanze alikuwa na koo mwekundu aliyekuja naye kutoka kwao Kinango, ameanza kulalia mayai saba. Bi Mbeyu, jirani yetu, ambaye hawezi kuona jambo likapita bila kulitia mkono, akawa mjumbe kati yetu. Tukakubaliana kwa kinywa chake kwamba mayai yangu yawekwe chini ya koo wa Kanze, na ili yasichanganyike, yangu niyapake masizi ya sufuria. Yenye masizi ni yangu, yasiyo na masizi ni yake. Nikapaka, kila yai mstari mzuri. Tulikuwa watu wazima watatu, mmoja wetu ana vitukuu, na hakuna aliyefikiri kwamba kifaranga hatoki na masizi.

Siku ya ishirini na moja tukawakuta kumi na mmoja, manyoya yamekwisha kukauka, wote rangi ya mchanga, maganda yamepondeka chini ya mama yao, na mayai mawili viza. Tukasimama tunatazamana. Mwisho Bi Mbeyu akaamua tuchague kwa zamu, na kila aliyechaguliwa afungwe uzi mguuni, wangu mwekundu, wa Kanze mweusi. Tukachagua watano watano. Akabaki mmoja ambaye sote wawili tulikuwa tumemruka, na kisa cha kumruka ni mdomo wake. Mdomo wa juu ulikwenda kushoto na wa chini ukaenda kulia, kama mkasi uliolegea msumari.

"Huyo ni wako," nikamwambia Kanze.

"Si wangu, dada. Koo ni wangu, lakini huyo si wangu."

"Wala si wangu."

Bi Mbeyu akasema anyongwe tu, tusimtese kiumbe wa Mungu. Hakuna aliyemnyonga, kwa sababu kumnyonga kungekuwa kukiri kwamba ni wako. Basi akaachwa bila uzi, na jina likamganda: Siwangu.

Kaka, umewahi kumtazama kuku mwenye mdomo wa namna hiyo akila? Punje iko chini, anaiona vizuri, anainama, anadonoa, ncha moja inapita huku na nyingine kule, na punje inabaki pale pale. Anadonoa tena. Wenzake wakakua, yeye akabaki kama ndimu. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma tangu siku ya kwanza. Siku ya tano ndiyo. Niliwamwagia chicha ya nazi, wenzake wakala wakaondoka, yeye akabaki anadonoa hewa, bila kulia na bila kumkasirikia mtu. Mimi niliyekuwa nimenuna kwa ajili ya makuti niliona haya mbele ya kifaranga.

Kesho yake niliamka alfajiri, nikachota uji kwa ncha ya kidole, nikampanua mdomo nikamtia. Nilifanya hivyo kabla Kanze hajatoka nje, ili asije akasema nimekubali kwamba ni wangu. Nikaendelea siku tisa. Kifaranga akapata nguvu, nami nikajisifu moyoni. Ila nikaona chini ya shingo ametokeza uvimbe mkubwa, laini, na asubuhi hupumua mdomo wazi kama mtu aliyepanda kilima na mzigo. Nikadhani ni ugonjwa wa kuzaliwa nao.

Siku ya kumi nilichelewa. Nilipotoka jua lilikuwa limechomoza, na nyuma ya jiko nikamkuta Kanze amechutama, Siwangu mkononi, anamdondoshea uji wa mtama kwa unyoya.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

Akashtuka karibu amwangushe. "Namlisha, dada. Namlisha kila siku."

"Saa ngapi?"

"Ukishaingia ndani baada ya swala."

Kumbe kiumbe wa watu alikuwa akishiba mara mbili kila asubuhi, uji wangu chini, uji wake juu, na ule uvimbe ulikuwa mtama wa Kanze unangoja nafasi! Tulikuwa karibu kumuua kwa kumfanyia wema kwa siri. Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Kanze alinitazama kwanza kama anayengoja kofi, kisha naye akacheka, na hapo ndipo nilipoona kwamba ana mwanya. Miaka miwili uwanja mmoja, kaka, nami sikujua kwamba mwanamke huyu ana mwanya.

Tukagawana zamu, asubuhi mimi, alasiri yeye. Tukagundua kwamba akiwekewa chakula cha majimaji ndani ya kifuu chenye kina, anaweza kuchota mwenyewe kama mtu anayechota maji kwa kata. Tukawa tunamchanganyia unga, chicha, na dagaa wa Mkwiro alionitumia Saumu, tumewatwanga. Kanze akamtegea mchwa kwa chungu kibovu na samadi, kama wafanyavyo kwao. Na wakati mkono unatwanga, mdomo hauwezi kunyamaza. Tulianza na habari za kuku tu, tukaishia kwenye habari za watu.

Mdomo wake, mimi nilidhani utanyooka akikua. Badala yake ukazidi kurefuka na kupishana, kwa sababu hausugui chini kama wa wenzake. Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe tulimwonyesha. Ni kijana wa bara, mpole, akamgeuza geuza akasema, "Mama, huyu ni mchuzi." Na Kanze, ambaye hapandishi sauti hata akiungua, akamjibu, "Basi kale kwenu." Nilimwomba radhi yule kijana, lakini nilijificha uso kwa leso.

Ikabaki kumkata ncha wenyewe. Dzombo ana tupa ndogo ya kunolea msumeno, anaitunza kuliko sisi wake zake. Tukaitoa sandukuni. Kanze kushika anajua, maana kwao ni wafugaji, na babake akipunguza kwato za mbuzi yeye ndiye alikuwa mshikaji. Anakifunga kiumbe kitambaa, anakifunika macho, na kinatulia. Lakini kukata hathubutu. Mimi kukata nathubutu, ila kushika siwezi, kiumbe kikitetemeka nami natetemeka. Kazi ile inataka mikono minne na hakuna namna nyingine.

Mara ya kwanza nilikata kwa mkasi kabla ya kusugua kwa tupa, nikaenda ndani mno. Damu ikaruka. Nilipiga kelele nikaangusha mkasi. Kanze hakupiga kelele. Aliinua mkono kwenye paa la jiko, akavuta utando wa buibui, akaubana pale penye jeraha kwa kidole gumba, akaniambia nikae. Tukakaa chini, magoti yanagusana, Siwangu katikati yetu, tukingoja damu ikate. Hapo ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Mwero amesema unaondoka."

Mwero, kaka, anashona nguo za watu lakini mdomo wake mwenyewe hawezi kuushona. Nikamwambia ni kweli.

"Nilifurahi, dada," akasema. "Nilifurahi siku mbili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nikautazama uwanja." Akaangalia kama damu imekata. "Wewe ukichoka unaye kaka wa kumwandikia. Mimi nikichoka namwandikia nani?"

Nilikuwa nimesikia juu juu tu kwamba babake, Mzee Chome, aliikataa posa ya Dzombo, akisema mtu wa pwani atamgeuza binti yake dini na kumfanya wa pili. Yote mawili yakawa. Akamwambia asikanyage tena boma lake. Mama yake hayuko duniani. Tangu aolewe hajaletewa hata salamu, na mimi katika miaka hiyo yote niliiona nyumba yake ilivyo kavu, sikuiona ilivyo tupu. Niliona aibu, kaka, nikatamani ardhi inimeze.

Alhamisi Dzombo akarudi, akakuta tupa yake ina unga mweupe wa mdomo wa kuku. Akaanza kufoka. Nikamjibu, na Kanze akamjibu, wakati mmoja, kwa neno lile lile, "Siwangu!", na wote wawili tukaangua kicheko. Ungemwona! Alisimama katikati ya uwanja na tupa yake, anatugeukia mmoja mmoja, kama mtu aliyepotea njia. Usifikiri nilimwonea huruma.

Basi wewe utasema, kama mlikwisha kupatana, mbona hukuniandikia mapema kunizuia? Kaka, unanijua. Mimi nikisema nimesema. Mwezi wa Mei barua yako ilipofika nilikuwa nimelainika kidogo, lakini nilipoisoma kiburi kikanirudia. Nikajiambia kaka yangu amekwisha kuomba likizo, wifi ametoa chumba, siwezi kuwachezea watu wazima kwa ajili ya vicheko vya jikoni. Nikapanga nguo zangu sandukuni. Kisha nikaenda Mkwiro kumuaga Saumu, nikikusudia kukaa siku kumi. Kanze nilimwambia naenda kumwona mjukuu wangu. Aliona sanduku langu limefungwa kamba, akashika mwimo wa mlango, akasema, "Nisalimie."

Saumu alifurahi kusikia naondoka. Tangu babake aoe, huyu mpwa wako amekuwa mkali kuliko mimi, na alikwisha kuapa kwamba mwanamke huyo hatakanyaga kwake Mkwiro hata kwa bahati mbaya. Tukakaa tukiwasema Dzombo na Kanze, kama kawaida ya mama na mwana. Lakini nilikuwa nikisema huku nahesabu siku, maana mdomo wa Siwangu ulikuwa umefikia wakati wa kupunguzwa.

Siku ya sita, adhuhuri, watoto wakaja mbio kusema kuna mgeni anatapika ufukoni na anamwuliza mama yake Saumu. Nikatoka na Saumu nyuma yangu. Alikuwa Kanze, amepiga magoti mchangani, leso imelowa mpaka kiunoni, na kando yake kikapu kimefunikwa kitambaa. Kanze wa Kinango, kaka, ambaye maji mengi aliyoyajua maishani mwake ni ya lambo la ng'ombe, ambaye kwetu Msambweni ufukoni haendi, husema bahari inamvuta macho na kumtia kizunguzungu. Alipanda lori mpaka Shimoni juu ya magunia, akaingia mashuani na wachuuzi wa samaki, akavuka amefumba macho, kikapu amekikumbatia.

Akainua uso, na hata salamu hakunisalimu. "Dada, lola, tazama," akasema, akafunua kikapu. "Umepishana tena. Hali tangu juzi. Nimejaribu peke yangu, sikuweza." Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu. Kisha akafungua pindo la leso, akatoa tupa ya Dzombo.

Niligeuka kumtazama Saumu. Alikuwa amekwisha kurudi ndani, nami nikajua anakwenda kufunga mlango. Akatoka na bakuli la maji na ndimu iliyokatwa. Akachutama pale mchangani, akamshika Kanze paji la uso kama ashikwavyo mgonjwa, akamwambia, "Shikamoo mama mdogo. Nusa hii, itakutuliza."

Kanze alilia, na mimi nikalia. Saumu hakulia, kwa sababu anafanana na wewe, lakini alikiingiza kikapu ndani, akaenda kumchinjia mgeni wake kuku, na ilibidi tuingie mbio kuhakikisha kwamba hajakosea akamchukua wa kwenye kikapu.

Tukamkata Siwangu mdomo barazani, Kanze ameshika, mimi na tupa, nusu ya Mkwiro imesimama kutazama na kila mmoja ana ushauri wake. Alipoachiwa akainamia kifuu, akachota, akameza. Watu wakashangilia. Nami nikiwa nimeshika tupa nikajua kwamba Tabora siji.

Usidhani nabaki kwa ajili ya kuku, kaka. Kuku ningeweza kuja naye. Nabaki kwa sababu kuna mtu anayeogopa maji, akayavuka ili anifuate, na zaidi yako wewe sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunifuata hivyo. Nampenda. Nimeandika, na sasa nimeona maandishi yangu mwenyewe, na ni kweli.

Sisemi ukewenza ni asali. Wiki iliyopita tumegombana kwa sababu ya chumvi. Na Dzombo bado sijamsamehe ile habari ya kisimani, anaijua, na atakaa akiijua. Ila nyumba yangu ameiezeka, Kanze akisimama chini kumwonyesha panapovuja, na hakumruhusu ashuke mpaka pamekwisha. Yeye Dzombo anawaambia watu msikitini kwamba ni dua zake zilizotupatanisha. Tumemwacha, ana furaha.

Siwangu sasa ana miezi mitatu. Ni mtetea, mdogo kuliko wenzake na mwenye kelele kuwashinda. Uzi hana hata leo. Mdomo tunampunguza kila baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo neno langu ni hili: usije kunichukua. Niombee radhi kwa wifi, mwambie nimemsumbua na chumba awarudishie watoto, na deni la wema wake sitalisahau. Nawe nisamehe, kaka. Nimekufanya uombe ruhusa kazini na kuwaambia wazee, kisha nakugeuzia maneno. Ukinikasirikia ni haki yako.

Lakini likizo usiivunje. Njoo vile vile. Yale maneno ya kiume uliyomwekea Dzombo usiyatupe, yapunguze ukali tu, uende nayo Kinango. Nakuomba ukae mbele ya Mzee Chome, umwambie wewe ni kaka wa Mwanarusi wa Msambweni, na kwa hivyo ni kaka wa Kanze pia, na kwamba binti yake hakutupwa, ana watu. Akikufukuza, rudi, utakuwa umekwenda. Kanze sijamwambia, nisije nikampa tumaini kisha likavunjika. Ila najua hakuna aliyewahi kwenda kwa ajili yake, na mimi sina mwingine wa kumtuma ila wewe.

Nisalimie wifi Mwanasha na watoto wote, na Kibwana mumwambie shangazi amesikia amefaulu, zawadi yake ipo. Bi Mbeyu anakusalimu na anauliza kama huko Tabora kuna mchele. Saumu na mumewe wanakuamkia. Dzombo pia, ingawa nikimtajia safari yako hubadilisha mazungumzo. Kanze anakuamkia shikamoo, ameniuliza nitamwandika kama nani kwako, mke mwenza au ndugu, nikamwambia nitaona.

Mwenyezi Mungu akulinde relini na njiani, akupe afya ya mgongo, na atukutanishe tukiwa hai na nyuso zetu zina nuru. Amin.

Jambo moja zaidi, kuhusu zawadi, maana nakujua huji mikono mitupu. Desturi unaijua. Kwenye nyumba ya wake wawili leso hununuliwa doti mbili, kila mke na yake, zisitofautiane hata ua, na atakayepewa kipande kimoja amevunjiwa heshima. Wewe usinunue mbili. Lete doti moja, vipande vyake viwili vikiwa bado vimeungana, rangi yoyote uipendayo. Mkasi tunao, tutaikata sisi wenyewe, Kanze ashike na mimi nikate.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Mwanarusi